Majina yetu kwenye ramani ya upepo: nianzie wapi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Niko Kilindoni, Mafia. Kila jioni napakua data za upepo na mawimbi za GFS, modeli ya utabiri wa hali ya hewa, nazifungua kwenye QGIS, ile programu ya kuchora ramani, kisha natuma picha kwenye kundi la WhatsApp la wavuvi. Kero yangu ya kwanza: majina yanapandana, mengine yanapotea kabisa nikipunguza ukubwa wa ramani. Ya pili: majina ya ramani ya chini, ile picha iliyo tayari ninayoweka chini ya data, si yetu. Wavuvi wananiuliza Latham ndiyo wapi. Nataka niweke majina tunayoyatumia wenyewe, hadi ya miamba na mafungu ya mchanga. Nianzie wapi?"

Marahaba. Umeuliza mawili, na la pili ndilo gumu. Majina kupandana ni jambo la programu. Utalimaliza kwa jioni moja. Lakini majina gani yakae kwenye ramani, hilo QGIS haitakujibu. Basi nianze na hilo, maana ukilikosea hakuna fonti itakayokuokoa.

Funga kompyuta kwanza. Chukua daftari, kaa na manahodha wawili watatu pale wanaposhusha samaki, uwaulize swali moja: kesho alfajiri, unapoamua kutoka au kubaki, unataka kujua upepo ukoje wapi? Andika kila jina linalotajwa, kama lilivyotajwa. Utashangaa orodha ilivyo fupi, na ilivyo tofauti na iliyomo kwenye ramani yako sasa hivi. Hawatataja makao makuu ya kata. Watataja rasi wanayoizunguka, mlango wanaoupita, mahali wanapojificha bahari ikichafuka, na bandari wanakouzia. Ras Mkumbi kule kaskazini itakuwemo. Ras Kisimani itakuwemo. Nyamisati itakuwemo, ingawa iko bara, kwa sababu ndiko boti ziendako.

Kisha jiulize data zako zinaweza kusema nini juu ya kila jina. Hapa ndipo wengi wetu tunapodanganya bila kukusudia. Jina kwenye ramani ya hali ya hewa si kama jina kwenye ramani ya ukutani darasani. Ukiandika Utende, na pembeni ukaweka "kilomita 30 kwa saa", umemwambia mtu wa Utende kwamba unaujua upepo wa Utende. Je, unaujua? GFS ya robo digrii ina pointi moja kila baada ya karibu kilomita 28. Kisiwa cha Mafia kina urefu wa takriban kilomita 50, na upana wake haufiki 20. Yaani ukikata kisiwa kutoka magharibi hadi mashariki, upana wake wote ni mdogo kuliko mraba mmoja wa gridi. Kompyuta ikikupa 29 kwa Kilindoni na 31 kwa Utende, tofauti hiyo imezaliwa na hesabu ya kujaza nafasi kati ya pointi mbili. Upepo hauna habari nayo.

Kwa hiyo gawa majina mafungu mawili. Fungu la kwanza ni majina yanayobeba namba, nayo yawe machache kadiri ya uwezo wa data: kwa eneo lako mimi ningeweka Mlango wa Mafia upande wa bara, bahari kuu upande wa mashariki, na maji ya kaskazini ya Ras Mkumbi. Basi. Fungu la pili ni majina ya kumwelekeza mtu tu, ajue yuko wapi kwenye picha: Kilindoni, Utende, Jibondo, Nyamisati. Hayo hayana namba, na herufi zake ni nyepesi zaidi. Mtu wa Jibondo atasoma rangi na mishale iliyo karibu naye, na atafanya hesabu yake mwenyewe kama alivyofanya maisha yake yote.

Sasa tuje kwa Latham. Kile kisiwa kidogo kilichoko nje, mashariki ya Dar es Salaam na kusini ya Unguja, wenyewe wanakiita Fungu Kizimkazi. Ramani nyingi za kigeni zinaandika Latham Island. Liandike Fungu Kizimkazi, umemaliza. Si kila jina litakuwa rahisi hivyo. Chukua "Zanzibar". Ramani za nje hulibandika neno hilo juu ya kisiwa cha Unguja, wakati mwingine juu ya mji peke yake. Kwa nahodha wa kwetu, Zanzibar ni Unguja na Pemba pamoja na visiwa vyake. Akienda kisiwani anasema anaenda Unguja. Ukiacha "Zanzibar" pale, utabiri unaotaja Pemba utamchanganya. Au chukua "Pwani". Ni mkoa, na Mafia ni wilaya yake. Lakini pwani vilevile ni pwani. Niliona ramani moja imeandikwa PWANI kwa herufi zilizotandazwa kutoka Bagamoyo hadi Rufiji, mshale mwekundu ukapita juu yake, na watu wakaelewa kwamba upepo mkali uko pwani yote ya Tanzania. Andika "Mkoa wa Pwani" au usiandike kabisa. Na Kilwa ziko tatu: Masoko, Kivinje na Kisiwani. Kwenye ramani yako Kilwa inaangukia ukingoni kabisa mwa kusini; ukiiweka, andika ipi.

Ila usilitupe jina rasmi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa taarifa, hutaja mikoa na visiwa kwa majina ya serikali: "mkoa wa Pwani, ikijumuisha visiwa vya Mafia", "visiwa vya Unguja na Pemba". Kimbunga Hidaya kilipokuja mwanzoni mwa Mei 2024, Mafia ikiwa kwenye njia yake, mtu alikuwa anasikia jina redioni na kulitafuta kwenye simu. Ramani iliyojaa majina ya wavuvi pekee ingemwacha kwenye mataa. Kwa hiyo kila mahali pawe na majina mawili kwenye jedwali lako, hata kama picha itaonesha moja.

Kuhusu miamba na mafungu ya kuvulia, hapo naomba uende polepole. Jina la sehemu ya kuvulia ni mali. Likiwa kinywani mwa watu wanane wa chombo kimoja ni siri ya riziki yao. Likiwa kwenye picha ya WhatsApp, limefika mahali usipopajua kabla ya sala ya isha. Mzee mmoja aliwahi kunielekeza mwamba vizuri sana, nikaufurahia, nikauchora. Alipoiona ramani hakugomba. Alisema tu, "Hapo ulipoandika, futa." Nikafuta. Tangu siku hiyo ninatenga: majina ya usalama, yaani ya kupita, kukwepa na kujificha, yanaingia kwenye ramani, majina ya kuvulia hayaingii hata kwenye faili, achilia mbali picha. Fungu au mwamba unaovunja vyombo unaingia, maana kuuficha ni kuua.

Ukishapata orodha, fungua kompyuta.

Andika jedwali lenye safu hizi: namba ya pekee ya kila mahali, jina_rasmi, jina_wavuvi, aina, daraja, longitudo na latitudo. Namba ya pekee usiidharau. Mimi niliwahi kuunganisha jedwali la upepo na jedwali la mahali kwa kutumia jina, nikaona nimefanya kazi safi. Kumbe Bweni iko Mafia na Bweni nyingine iko Pangani, ng'ambo ya mto. Upepo wa Tanga ukaandikwa Mafia kwa siku mbili kabla mtu hajaniuliza. Bwejuu hali kadhalika: iko ya Mafia na iko ya Unguja. Mikindani iko Mtwara na iko Mombasa. Majina ya pwani yetu yametembea na watu, hivyo unganisha kwa namba, kamwe usiunganishe kwa jina.

Longitudo ndiyo X, latitudo ndiyo Y, na latitudo yetu ina alama ya kutoa mbele yake kwa kuwa tuko kusini ya ikweta. Kilindoni ni karibu 39.66 na -7.91. Ukisahau ile alama, Kilindoni itapanda hadi nyanda za juu za Arsi, Ethiopia, kusikovuliwa hata dagaa. Ukigeuza safu, ya kwanza ikawa ya pili, itaangukia katikati ya Ureno. Walitufuata karne ya 16, safari hii sisi ndio tumewafuata.

Hifadhi jedwali kama GeoPackage, aina ya faili la data za ramani. Shapefile, aina nyingine ya faili hilo, hukata jina la safu likizidi herufi 10, na jina_wavuvi lina 11. Utakuta jina_wavuv, kisha nusu saa unatafuta kwa nini lebo, yaani majina yanayoandikwa kwenye ramani, hazitokei. Ukianzia na CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi, ihifadhi kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi. Na ujihadhari na kile kikato cha juu kwenye ng'. Simu huandika kilichopinda, kibodi ya kompyuta huandika kilichonyooka. Kwa jicho lako Ng'apa ni ile ile, kwa programu ni vijiji viwili. Chagua kilichonyooka, ukibadilishe kote mara moja. Ukilazimika kuliandika jina hilo ndani ya fomula ya QGIS, kikato kiandike mara mbili mfululizo, la sivyo programu itadhani maandishi yameishia hapo. Watu wa Dodoma wenye Ng'hong'hona yao wanalijua tatizo hili kuliko sisi.

Kwenye sifa za tabaka (layer) la majina, ukurasa wa lebo, usichague safu moja. Weka fomula hii:

coalesce(nullif("jina_wavuvi", ''), "jina_rasmi")

Maana yake: tumia jina la wavuvi kama lipo, kama halipo tumia rasmi. Ile nullif wengi huiacha, halafu wanashangaa lebo ni tupu. Chumba cha jedwali kisicho na kitu na chumba chenye maandishi matupu ni vitu viwili kwa programu. Coalesce huruka cha kwanza tu. Ukitaka kuunganisha jina na namba ya upepo, tumia concat badala ya vile vistari viwili vya wima. Vistari vikikutana na thamani iliyokosekana hufuta lebo nzima, jina na yote. Na kumbuka GFS hutoa upepo kwa mita kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6 upate kilomita kwa saa, kwa sababu ndicho kipimo ambacho wavuvi wanakisikia kwenye taarifa ya Mamlaka.

Majina yaliyoungua ndani ya picha ya ramani ya chini huwezi kuyabadilisha. Ni rangi tu kwenye picha. Iondoe hiyo picha, uchore ardhi mwenyewe kwa data za OpenStreetMap, ramani huria inayojazwa na wachangiaji: ukanda wa pwani, visiwa, basi. Data za Natural Earth ni nzuri kwa ramani ya Afrika nzima, lakini visiwa vidogo vya kwenu zinavipita. OpenStreetMap ina pia nafasi ya jina la Kiswahili, name:sw, na ya jina la wenyeji, loc_name. Ukipata nafasi yajaze huko pia, wa baada yako wasianze upya. Kona ya ramani yako iandikwe kwamba data ni za wachangiaji wa OpenStreetMap. Ni sharti la leseni yao, na ni adabu.

Sasa kupandana. Majina yako hayapotei ovyo. QGIS, ikiona lebo mbili zinagombea nafasi, huondoa moja, na usipoiambia ipi ina uzito itajichagulia. Hapa ndipo safu ya daraja inapofanya kazi: ifunge kwenye kipimo cha kipaumbele, ambacho huenda kutoka 0 hadi 10, Ras Mkumbi ipate 10 na kijiji cha ndani kipate 2. Kwenye upau wa lebo kuna kitufe cha kuonesha lebo zilizokosa nafasi. Zitatokea kwa rangi nyekundu, nawe utajua nani kaachwa nje.

Lakini nikwambie ukweli, kwa kazi yako ningeachana na upangaji wa programu. Ramani yako ni ileile kila jioni: fremu ileile, visiwa vilevile. Kinachobadilika ni rangi na mishale. Una majina 15, labda 18. Yapange kwa mkono mara moja, kwa kifaa cha kuhamisha lebo, na yatakaa hapo mwaka mzima. QGIS huhifadhi mahali pake ndani ya faili la mradi ukitumia .qgz; ukitumia .qgs, hutengeneza faili la pili lenye .qgd pembeni, na ukimtumia mwenzako moja bila la pili lebo zote hurudi zilikotoka.

Unapopanga, fuata kanuni ambazo Eduard Imhof, mchora ramani wa Uswisi, alizieleza miaka ya 1960, maana hazijapitwa. Mahali pa kwanza pa jina ni juu kulia kwa nukta. Mji ulioko ufukweni, jina lake liandikwe lote baharini; mji ulio ndani kidogo, jina libaki lote nchi kavu. Usiruhusu jina likanyage mstari wa pwani nusu kwa nusu, kwa sababu msomaji hatajua mahali hapo ni bandari au siyo. Kwa hiyo Kilindoni ielekee magharibi, juu ya Mlango wa Mafia, na Utende iende mashariki. Juu kulia ya Kilindoni ni nchi kavu, hivyo hapo kanuni ya pili inaishinda ya kwanza.

Kwenye kanuni moja namwacha Imhof na wenzake wote: maji kuandikwa kwa bluu. Kwenye ramani ya kawaida bluu ya herufi za mlalo, yaani zilizoinama, inapendeza. Kwenye ramani ya mawimbi, bahari yenyewe tayari ni bluu ya viwango vitano, na jina linazama. Tumia mlalo, ndiyo, ila rangi iwe nyeusi au bluu nzito ya usiku, na kila lebo iwe na kizingo cheupe kuzunguka herufi. Kizingo kisiwe kinene hadi kifiche mishale. Kama nusu milimita yatosha. Na usiandike lebo kwa nyekundu juu ya bluu, WhatsApp inapobana picha hilo ndilo la kwanza kuharibika, herufi zinaota manyoya.

Kuna sababu nyingine ya kuepuka njano, chungwa na nyekundu kwenye majina. Mamlaka hutumia rangi hizo kwa ngazi zake: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Mtu akiona Jibondo imeandikwa kwa rangi ya chungwa, ana haki ya kudhani Jibondo iko kwenye tahadhari. Tahadhari ni kazi ya Mamlaka. Ramani yako ni ya kuonesha modeli inasema nini, na hilo liandikwe chini yake.

Ukubwa wa herufi uupime kwa simu. Weka ukurasa wa upana wa milimita 180, utoe picha kwa dpi 152, yaani nukta 152 kwa kila inchi. Utapata karibu pikseli 1080, na kila milimita ya ukurasa itakuwa pikseli sita. Kwenye kioo cha simu ukurasa huo utabanwa hadi karibu theluthi moja. Basi jina la kwanza kwa umuhimu ningelipa ukubwa wa milimita 6, la pili 5, na chini ya 4 sishuki. Ikiwa hayatoshi kwa ukubwa huo, punguza majina. Majina marefu yavunje mistari miwili: chagua alama moja ya kuvunjia, tuseme mstari wa wima, uandike Fungu|Kizimkazi kwenye jedwali, uiambie programu ivunje hapo.

Limebaki moja ambalo hukuuliza. Saa ya utabiri nayo ni lebo, na ndiyo inayosomwa kabla ya zote. GFS huhesabu kwa UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko saa tatu mbele. Saa 00 ya UTC ni saa tisa usiku kwetu, 06 ni saa tatu asubuhi, 12 ni saa tisa alasiri, 18 ni saa tatu usiku. Iandike hivyo hivyo, kwa maneno, pamoja na siku: "Alhamisi, saa tatu asubuhi". Ukiandika "09:00" kuna atakayesoma saa tisa, na kati ya saa tatu na saa tisa kusi linaweza kuwa limebadilika kabisa.

Ramani ya kwanza usiitume kundini. Toka nje, juani, mpe nahodha mmoja aitazame kwenye simu yake, si yako, na unyamaze. Akivuta picha kwa vidole viwili, herufi ni ndogo. Akiuliza hii ni ya leo au ya kesho, rudi kwenye saa. Akisema hapa hapaitwi hivi, kaa chini naye na ufungue jedwali.